Fomu ya Kupandishwa Cheo

Jina kamili: Kombo Faki Shaame.
Mahali pa kuzaliwa: Wete,
nyumba ya pili nyuma ya ghala la karafuu,
lakini kisanduku kina nafasi ya herufi chache,
nikaandika Wete, nikasogea.

Uzoefu wa kazi.
Bendi ya polisi, Ziwani, miaka kumi na mmoja.
Niliingia nikitaka bunduki, wakanipa klarineti,
kwa kuwa vidole vyangu virefu
na Koplo Vuai alikuwa kabakiwa na nusu ya pumzi,
anatafuta wa kumwachia.
Ilikuwa imefungwa mpira wa baiskeli pale ilipopasuka.
"Usipulize kama unawasha jiko," akaniambia,
"puliza kama unampooza mtoto chai."
Wiki tatu ikanilia kama bata.
Ya nne, gwarideni, ikanena.
Wageni rasmi siwakumbuki hata mmoja;
nakumbuka jasho likiteremka kidole cha pete
likaziba tundu.

Elimu ya juu.
Miaka miwili, mji wa theluji,
profesa mwenye kidude cha taa mezani:
kijani umepatia, nyekundu umekosea.
Nikampigia rasti.
Ile sauti yake ya tatu, unaijua,
inayokaa kati ya sauti mbili
kama mtu aliyesimama mlangoni,
haingii, haendi zake.
Taa ikawa nyekundu.
"Hiyo sauti haipo," akasema, kwa upole kabisa.
Basi kwa miaka miwili haikuwepo.
Nikapata shahada.

Machapisho
(orodhesha jarida, juzuu, kurasa).

Hapa kalamu imekauka tangu asubuhi.

Ijumaa iliyopita, harusini Kikwajuni,
umeme ulikatika, bibi arusi kachelewa saa nzima,
vinanda vya waya vikanyamaza,
nikabaki mimi na rasti yangu gizani.
Mama mmoja akaja kunitunza kwa mwanga wa simu,
akaibandika elfu mbili ubavuni mwa klarineti,
noti ikafunika tundu,
sauti ikateleza, ikaangukia mlangoni pale pale,
na ukumbi mzima ukasema aah.
Hiyo niiandike juzuu ya ngapi?
Kurasa zipi?

Ufundishaji.
Wanafunzi wanane, klarineti tatu,
kila mmoja na ulimi wake wa tete mfukoni,
kwenye kibweta cha dawa ya meno.
Masika ndimi hufura kwa unyevu;
nazikwangua kwa wembe
huku nikieleza mizani na vipimo,
na ubao wa darasa letu hapa Tunguu
una tone la damu ya dole gumba langu
ambalo hakuna anayelifuta.

Yupo Raya Silima, wa Makunduchi.
Siku moja kalegeza mdomo,
kaziba nusu ya tundu, nusu kaiacha wazi.
"Mwalimu, mbona hapa katikati pana kitu?"
Nikatoka nje, nikajifanya natafuta funguo.

Mwezi uliofuata, mtihani.
Kifungu cha nne cha mwongozo:
usahihi wa sauti, alama ishirini.
Akapiga, akaiweka pale pale, kwa makusudi,
akaniangalia usoni.
Mtahini wa nje akainamia karatasi yake.
Nami nikainamia yangu.
Nikaandika kumi na moja.
Kwa wino mwekundu, maana ndio uliokuwepo,
nikaongeza pembeni: sauti imeshuka.

Mimi.
Kwa mkono huu huu.

Alipoisoma hakusema neno.
Akaifuta klarineti kwa kitambaa, kipande baada ya kipande,
akamkabidhi aliyefuata zamu.

Fomu inafungwa saa tisa alasiri.
Sasa saa nane na dakika arubaini,
na karani ameshanipigia simu mara mbili:
"Mwalimu Kombo, kisanduku cha machapisho kitupu hiki,
tuweke nini?"

Nimemwambia asubiri.
Fomu nimeisukuma kando ya meza.
Natafuta daftari la maksi.