Neno "Na"

Mthamini alikuja Jumanne, mvua ya Temuco imemlowesha hadi soksi.
Akaomba kiti, akaomba kitambaa, kisha akauliza:
duka hili lina thamani gani?
Bi Ercilia akatazama mashine ya kuchongea funguo.
Bwana Nibaldo akatazama viatu.
Mimi nikawatazama wao, kwa kuwa hakuna aliyemtazama mwenziwe.

Tukaanza kuhesabu.
Mashine moja, kuukuu, mkono wake umelegea tangu lile tetemeko.
Cherehani ya ngozi. Nyundo tano, moja haina mpini.
Funguo ghafi elfu moja mia mbili na kumi na sita:
nilizihesabu mimi, usiku, na kila nilipokosea nilirudi mwanzo.
Visigino vya mpira. Gundi, ndoo mbili.
Harufu ya gundi hakuiandika,
ingawa ndiyo iliyotuganda nguoni, mkateni,
na nadhani hata kitandani mwao.

Nami niliandikwa. Ukurasa wa tatu,
chini ya kodi ya pango, juu ya umeme.

Alipofika kwenye "jina jema" kalamu ilisita.
Kuna bei, alisema, ya mteja kurudi.
Sawa, lakini humrudia nani?
Mjane Huenchumil haachi kiatu chake ila kwa Nibaldo;
pesa humpa Ercilia, mkononi, akimbana vidole,
kisha huketi saa nzima akilalamikia kuni mbichi.
Haya, mgawe huyo.
Mguu huku, mdomo kule.

Ndoa hakimu aliifuta kwa dakika ishirini.
Deni la benki likabaki pale pale,
peso milioni nne, na chini yake sahihi mbili
zimeegemeana kama walevi wanaorudi nyumbani.
Karani akasema: hayo ni yenu,
mkopo haupewi talaka.

Kukawa na ile wiki ya makufuli.
Jumatatu bwana alibadili kufuli la mlango wa nyuma.
Jumanne bibi akaingia.
Jumatano akabadili yeye,
na Alhamisi alfajiri bwana yumo ndani, anachemsha chai.
Miaka kumi na tisa wamefundishana kila tundu, kila jino la ufunguo;
nani atamfungia nani nje?
Ijumaa walicheka. Nilikisikia kutoka stoo,
kicheko kimoja, kifupi,
kisha mtu akawasha mashine
na hapakuwa na ufunguo wa kuchonga.

Wapiganapo tembo, ziumiazo nyasi.
Hawa hawakupigana. Waligawana saa:
asubuhi visigino, alasiri funguo,
na nyasi nikapewa zamu mbili.

Mwishowe fundi alileta mbao nyembamba,
akapiga ukuta katikati, dirisha moja likawa nusu mbili.
Kikohozi cha bwana kilipita.
Redio ya bibi ilipita.
Siku nyingine alipunguza sauti kabla hajaombwa,
na upande wa pili nyundo ikanyamaza kidogo,
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Kibao cha nje kiliandikwa *Ufunguo na Kisigino*,
rangi ya kijani, mwandiko wa Ercilia, ngazi kashika Nibaldo.
Msumeno ulikata mara mbili.
Bibi akabeba ufunguo wake, bwana kisigino chake,
na kile kipande cha katikati, kifupi kuliko kiganja,
kikabaki kwenye vumbi la mbao.
Mthamini hakuwa nacho kwenye orodha.

Nilikichukua mimi.
Nilifikiri nitakitia jikoni kiwe moto, ilikuwa Julai.
Lakini nilikaa nacho, nikakisoma:
kuishi na. Kudaiwa na.
Hata kuachana, mtu huachana na.

Sasa kiko chini ya mguu wa meza yangu, ule mfupi.
Nikikiondoa, supu inamwagika.