Kisima cha Pujini, Kisha Mkoani

Tulikwenda siku ya tatu baada ya arubaini ya baba,
mimi na Mize, mtoto wa mke mdogo,
kwa Suzuki ya Shaame, mlango wake wa nyuma haufungiki
nikaushika kwa mkono tangu Chake.
Hatukusemezana. Mlango ulisema kwa niaba yetu.

Pujini nyasi zimepanda hadi kiunoni.
Kijana wa ufunguo (ingawa hapana cha kufunguliwa)
akatuonesha boma la Mkama Ndume kwa fimbo ya mpera:
"Hapa palikuwa ukuta. Na hapa. Na hapa pia."
Watu, alisema, waliyabeba mawe wakijiburura kwa makalio.
Mize akacheka. Mimi nikatazama pembeni,
maana kicheko chake ni cha baba, kile cha puani.

Halafu kisima.
Alikuwa na wake wawili, kijana akaanza,
na ili wasionane hata kwa ndoo
akapitisha kiambaza katikati:
huyu ateka huku, yule ateka kule.
Hakujua anawahadithia nani.

Kwetu Machomane palikuwa na bomba moja la uani.
Mama zetu baba hakuwajengea ukuta; aliwajengea saa.
Sisi asubuhi hadi adhuhuri, wao alasiri,
na siku maji yakikatika
kila upande uliapa ni zamu yake iliyoibwa.
Nilikuwa na miaka tisa nilipotia kokoto
kwenye ndoo ya mama yake.
Mize alikuwa na saba. Aliniona. Hakusema.

Nikainama. Kiambaza kimeporomoka,
chini hamna maji, mna majani ya mfenesi,
ndala moja ya mtoto, kifuko cha bisi.
"Upande wa mama yangu ni upi?" Mize akauliza.
Kijana akajikuna shingo. Hilo hakufundishwa.

Mkoani, kusi halikuwa na adabu.
Lilitoka gatini likapanda mlima pamoja nasi,
likapiga mabati, likamvua mzee kofia
likaibingirisha hadi mlangoni mwa forodha,
na mzee nyuma yake, akiitukana kama mtu.
Tukaketi kwa Bi Kazija: chai, mkate wa mofa, pweza.
Chumvi mdomoni, mchanga kwenye sukari.

Mize akatoa karatasi ya mirathi aikunjue mezani,
mikarafuu sitini na miwili, hisa kwa hisa,
na upepo ukaipokonya.
Sote wawili tuliinuka nusu.
Kisha tukakaa.
"Kadhi anayo nakala," akasema.

Akachovya mkate. Akatafuna sana.
"Kokoto zilikuwa tano. Nilizihesabu."
"Nne."
"Tano, moja ilikuwa nyekundu."
"Nyekundu ilikuwamo tangu mwanzo, si yangu mimi."
Tukabishana mpaka chai ikafanya utando,
mpaka Bi Kazija akaja kuuliza kuna nini,
mpaka Shaame akapiga honi mara tatu.

Kurudi, mlango aliushika yeye.