Shahidi wa Miezi Mitatu

Wameniletea ng'ombe ndani ya vichupa vinne.
Cha kwanza, nyama iliyoganda, kutoka jokofu la Wilmar Techera,
kibarua wa machinjio, asiye na ng'ombe wala uzio.
Cha pili, damu kavu iliyokwanguliwa kwenye mbao za gari
la Olegario, mpwa wa mwenye mali.
Cha tatu, singa za mkia wa ndama, mizizi ingali mbichi.
Cha nne kina maji matupu. Hicho ni cha kunichunga mimi,
nisijidanganye.

Ng'ombe mwenyewe hayupo.
Lucera, mwekundu, mwenye baka jeupe usoni,
aliibwa usiku wa mvua nje ya Tacuarembó.
Ngozi ikachomwa, kichwa kikatupwa mtoni.
Don Eufrasio Bentancor alikuja na daftari la alama zake,
lakini alama ilipigwa kwenye ngozi,
na ngozi sasa ni jivu.
Polisi wakaenda moja kwa moja kwa Wilmar.
Nyama ya maskini, walisema, haiji kwa miguu yake.

Namimina jeli. Ni mwani tu, asikutishe mtu,
mwani uliochemshwa, ukapoa, ukawa kama uji uliolala.
Nachomeka kitana, nakichomoa: vishimo.
Katika kila kishimo tone moja la buluu.
Mkono ukitetemeka, na kesi inatetemeka.
Kisha umeme.

Vinasaba hukimbilia chanya, ndivyo vilivyoumbwa.
Vipande vidogo hupenya upesi, kama watoto kwenye ua wa miiba;
vikubwa hukwama, hujivuta, huachwa nyuma.
Hakuna kipande kinachojua nani ameshtakiwa.
Siku za mwizi ni arobaini;
jeli yangu huomba dakika tu,
arobaini, na tano za juu.
Nakunywa chai chungu. Nasubiri.

Nazima taa ya dari, nawasha ya urujuanimno.
Mistari inawaka gizani, rangi ya chungwa.

Kila kiumbe hubeba miwili: mmoja wa mama, mmoja wa baba.
Baba wa ndama hatumjui, pengine fahali wa jirani, aliyeruka waya.
Namtafuta mama,
yule anayeliliwa langoni kila alfajiri.
Kwenye nyama ya Wilmar: hapana.
Nahamia sehemu nyingine ya kinasaba: hapana.
Kwenye damu ya gari: yupo,
mstari kwa mstari, kana kwamba mtu kapiga rula.
Jeli kumi na moja, sehemu kumi na moja.
Yupo. Yupo.
Kishimo cha maji ni cheusi, nashukuru.

Sikuandika kwamba Olegario ni mwizi. Jeli haijui wizi.
Niliandika: nyama hii haikutoka kwa mama wa ndama huyu.
Niliandika: damu hii yaweza kuwa yake,
nikaweka na namba, ndefu mno,
ya bahati inayohitajika ili iwe ya mwingine.

Don Eufrasio aliisoma amesimama, kofia kwapani.
Alinyamaza hadi karatasi ikaanza kujikunja.
"Mama yake Olegario ni dada yangu," akasema,
kana kwamba nimemuuliza.
"Tumenyonya titi moja."

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.
Wilmar alipewa yake ndani ya mfuko wa plastiki,
nyama imeshaoza,
naye akatoa mfukoni stakabadhi ya bucha,
imekunjwa mara nne, ya tangu siku ile ya kwanza.
Hakuna aliyekuwa ameiomba.
Hata mimi.

Na ndama? Nilipita juzi. Ameacha kulia.
Mkiani ana upara mdogo, pale tulipomng'oa singa.
Nilipoinama kuutazama
akanichapa nao usoni, mara moja,
kama mtu anayefukuza nzi.