Kistari

Masika, mlima umejifunika, wageni hawaji,
ndipo wagumu wanapokuja kwangu, Pasua,
chumba cha nyuma ya duka la Mama Aikande.
Bati linanguruma mpaka napaza sauti
kama mhubiri wa stendi.
Tuko wanane, tisa Kirita akiwahi kutoka shambani.
Mtihani wa kuongoza watalii ni Juni.

Leo nimeandika ubaoni:
five-day trips
na chini yake:
five day-trips.
Tofauti iko wapi?
Ndesario akasema, mwalimu, chaki imeteleza.

Haikuteleza.
Nikawapa kisa cha bango la Barabara ya Mawenzi,
kisa changu cha kila mwaka, cha kuwachangamsha:
fundi hodari wa herufi
aliyepachika kistari pale alipoona nafasi.
Kampuni iliuza safari za siku tano,
bango likatangaza safari tano za siku mojamoja.
Akaja mgeni mmoja mwenye mvi,
begani kijibegi, ndani chupa ya maji na mkate,
akauliza langoni: jioni tunarudi saa ngapi?

Wakacheka, hata Mbonea asiyecheka.
Kirita hakucheka.
"Huyo nilimbebea mimi," akasema.
"Usiku wa pili alilala na koti langu."

Mvua ikatusemea kwa muda.

Kisha akatoka, akarudi na kamba ya baiskeli
iliyokuwa imefunga mkungu wa ndizi, bado ina utomvu.
Akamsimamisha Ndesario mbele, Mbonea nyuma yake,
akawafunga kiganja kwa kiganja.
Mimi akaniweka mwisho. "Mwalimu, wewe ndiye mgeni."
Akawageukia wengine:

"Kwetu mwenye jina hutangulia,
sifa zinamfuata kwa adabu:
chai ya moto, mlima mrefu, mtu mwenye koti.
Kwao sifa ndizo zinazotangulia,
kama sisi: tunampita mgeni njiani
ili akifika akute hema limesimama.
Sasa, wawili mkibeba mzigo mmoja
na hamkufungwa pamoja,
huyu atashika njia ya Machame, huyu ya Marangu,
na mgeni atalala nje."

Akatuzungusha. Mimi mbele, wao nyuma.
"Hapa tumeshafika kambini. Mzigo uko chini.
Fungua kamba."
Nikaona chaki inaandika yenyewe:
a well-trained guide, kamba ipo;
the guide is well trained, kamba imekunjwa.
Miaka kumi na mmoja nafundisha kanuni hii
kwa maneno kivumishi, nomino, kielezi,
wakinitazama kama ng'ombe wanaotazama treni.

Mbonea, akijisugua kiganja chenye utomvu:
"Na kahawa ya Kibosho kwenye pakiti,
freshly roasted, mbona haina kistari
na maneno yametangulia?"
Kirita akaniachia hilo.
Nikasema, tazama ule mkia, ly.
Huo ni mkono. Freshly amekuja
akiwa ameshamshika mwenzake kiunoni.
Ukimfunga tena, unamtukana.
"Kama kumshikia mtu fimbo anayo," akasema Ndesario,
na sikuwa na la kuongeza.

Wametoka saa kumi na moja, viatu mkononi,
matope ya Pasua hayabembelezwi.
Nimepitia Barabara ya Mawenzi makusudi.
Bango limepakwa upya, buluu juu ya buluu,
kistari kimehamia mahali pake.
Lakini ukisimama ubavuni, upande wa duka la matairi,
kile cha zamani bado kimetuna chini ya rangi,
kidogo, kama mshipa.

Kisa kile sitakisimulia tena kwa kicheko.
Na koti, nimekumbuka nikiwa nimeshafika kwangu,
sikumuuliza kama alirudishiwa.