Fomu ya Makabidhiano

Kalamu ninayo mimi, bwana stoo,
na fomu ina safu tatu: kifaa, idadi, hali.
Kocha Lugwisha ameketi juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa,
kofia gotini. Miaka ishirini na saba ya utumishi
imeletwa kwangu ndani ya mfuko mmoja wa salfeti.

Filimbi, moja. Nzima.
Naipuliza kuhakikisha, na kule nje
kijana aliyekuwa akijipitia ananyoosha mgongo.
Saa ya mbio, moja. Kioo kimepasuka.
"Ilipasuka Kisumu," anasema. "Au niliipasua."
Mwaka ule walitoka wa nne.
Mashua zilikuwa nne.

Nilimcheka, sifichi.
Chuo hakina wino wa mitihani, yeye anaomba pamba,
robota zima, ya kuziba nyufa za mtumbwi
alioununua Mwaloni, nusu kwa mshahara, nusu kwa mdomo.
Ukiona vyaelea vimeundwa, sawa,
lakini methali haisemi misumari ilikopwa kwa nani.
Ilikopwa kwangu.

Saa kumi na moja alfajiri, Luchelele,
mawe hayajajitenga bado na giza,
sauti yake ilinifikia kitandani, nyumba za watumishi:
Moja, vuta. Moja, vuta.
Maisha yake yote hakufika mbili.
Siku nilipomuuliza akasema mbili iko mbele huko,
haijafika, usiiite.
Nilidhani ananidharau.

Mwaka wa magugu maji alishuka na panga,
maji kifuani, akifyeka njia ya mita mia tano
ambayo upepo wa mchana uliifunga tena.
Kesho yake akafyeka.
Na huyu mtu hajui kuogelea.
Hilo halina safu yake kwenye fomu;
nalijua kwa sababu siku moja aliteleza
na wanafunzi wake wakamtoa kwa ukosi wa shati
bila kusema neno, kama watu waliozoea.

Maboya ya kuvaa, tisa. Mawili yameliwa na panya.
Makasia, manane, ndivyo leja inavyosema.
Nahesabu saba.
Nahesabu tena kwa kidole. Saba.
Kocha anaangalia dirisha, na dirisha lenyewe
linatazamana na ukuta wa jiko.

"La nane lilikuwa la Milembe."
Namkumbuka. Alikuja chuoni akiogopa hata beseni.
Ndiye aliyekaa nyuma siku ile
walipozunguka Saa Nane na kurudi
mbele ya vijana wa bandari, mbele kwa kiasi gani?
Kwa kasia moja, Kocha anasema, na anacheka,
mara ya kwanza tangu aingie humu.
Ushindi mmoja. Miaka ishirini na saba.

Kisha binti akapangiwa kufundisha Ukara.
Serikali ilimpa chaki, ikampa bendera,
mlingoti ikasahau,
na ule uliokuwepo mchwa walishaumaliza.
"Akaniandikia. Nikalipeleka mwenyewe kwa feri.
Tulizika bapa, mpini ukabaki juu.
Andika limepotea. Wanikate kwenye kiinua mgongo."

Kiinua mgongo!
Miaka yote anawapigia kelele watoto wa watu,
inua mgongo, wewe wa tatu, inua mgongo,
na wa kwake umekunjika pale juu ya ndoo
ukisubiri hundi.

"Kuna upepo huko Ukara?"
"Haukosekani."

Naandika: Kasia, la nane. Lipo Ukara.
Kwenye hali nilitaka kuandika *chakavu*,
neno langu la kila siku, mkono umelizoea.
Naandika: *linatumika*.

Namsogezea fomu. Anasaini taratibu,
anavuta herufi, anapumzika,
anavuta nyingine.

Ya misumari hakuna aliyeyataja.