Chupa Isiyo na Mwaka

Lebo imeliwa na kuvu. Imebaki moja na tisa,
na mkia wa jina la baba: ...dente.
Defendente. Kwa lugha ya vilima hivi, dente ni jino,
nasi tumeshuka ghalani kuutafuta mwaka kwa meno.

Severina ameibeba chupa kama mtoto aliyelala,
hataki mashapo yaamke.
Kizibo kimekataa kutoka kizima,
kimemeguka kama mkate wa juzi,
tukachuja kwa kitambaa cha jibini
juu ya birika la kioo lenye pengo mdomoni.

Rangi kwanza. Nyekundu imekwisha zake;
hii ni vigae vya kanisa vilivyonyeshewa,
na ukingoni, karibu na kioo, maganda ya chungwa.

“Mwaka wa mvua ya mawe,” asema dada.
Mwezi Mei, saa tisa mchana,
wingu lilivuka mto Tanaro na tumbo la kijani.
Padri alining'inia kwenye kamba ya kengele,
wa ng'ambo wakafyatua mizinga kulitisha.
Dakika kumi tu.
Machipukizi yote chini, majani yamechanwa
kama barua ambazo mtu hakutaka zisomwe.
Mama akazoa barafu kwa ndoo, akapoozea maziwa:
“Kilichotutia hasara nacho kifanye kazi.”

Nakumbuka maziwa yale. Lakini mwaka ule, dada,
hatukujaza hata pipa moja.

Mimi nasema huu ni ule uliochelewa.
Maua yalifunguka Juni, mvua ikayaosha,
vichala vikatoka na mapengo kama vinywa vya wazee.
Nilibeba mrututu mgongoni safu hadi safu,
shati buluu, jasho buluu,
nikaenda dansini na shingo ya buluu
na Ortensia wa kinu akacheka hadi akakaa chini.
Julai tulilala na mablanketi.
Agosti watu waliacha hata kulisema shamba.
Kisha Septemba jua likaja, bila kubisha hodi,
kama mdaiwa aliyekumbuka deni usiku wa manane.

Majirani walikata. Baba hakukata.
Kila alfajiri aliingia kwenye ukungu,
alitafuna mbegu, akatema, akasema: bado.
Mvumilivu hula mbivu, husema watu.
Sisi msimu ule tulikula viazi,
na fahali mmoja akaenda kwa mfanyabiashara wa Alba.
Bado.
Tulivuna siku ya kuwaombea marehemu,
glavu za sufu mikononi, visu baridi kuliko mawe,
na zile zabibu chache, ndogo, nyeusi,
zilikuwa na ngozi nene kama maneno ya mama wiki ile.

Divai yenyewe ilikuwa kufuli.
Ukakasi uliubana ulimi, ukaubana tena.
Wanunuzi walionja, wakatazamana, wakaaga.
Baada ya miaka mitatu baba alifungua chupa: bado.
Baada ya saba: bado.
Ya kumi na moja tuliifungua sisi, siku ya maziko yake,
na hakuna aliyekumbuka kuionja.

Sasa nainua bilauri.
Waridi lililosahauliwa kati ya kurasa,
lami ya barabara mpya, chai iliyopoa,
ngozi ya lijamu ya yule fahali, labda, au nataka iwe hivyo.
Ukakasi upo. Haufungi tena mlango;
unasimama kizingitini, kofia mkononi.

“Ninaonja barafu,” asema Severina.
“Mimi ninaonja mrututu.”
Tunakunywa, kila mtu na mwaka wake,
hadi mashapo yanapofika shingoni.

Kisha, katika vipande vya kizibo mezani,
anaona kimoja chenye namba iliyochomwa kwa moto.
Anakisogeza kwenye taa. Anasoma. Hacheki, hakunji uso.
Anakitia mfukoni mwa aproni.

“Ni upi?” nauliza.

Anafuta meza, pole pole, pande zote nne.

“Bado,” anasema.