Chozi

Chozi anakuja kwenye shubiri.
Chozi linakuja kwenye kitunguu.
Silabi moja tu kati ya ndege na maji,
na wifi yangu Enesia, kisu mkononi, jikoni kwangu Matamba,
moshi umejibana darini kwa kuogopa jalidi ya nje,
anasema hata mimea yenyewe iko hivyo hivyo:
shubiri na kitunguu ni ndugu.

Ndugu wa wapi?
Wa damu, anasema. Oda moja.
Yeye hubandika mimea mikavu kwenye makaratasi huko Iringa,
koti jeupe, mshahara mwembamba,
na amekuja likizo kunivurugia koo za watu.
Anahesabu kwa ncha ya kisu:
kitunguu maji, kitunguu saumu, shubiri,
ule mkonge tuliopanda kuzuia ng'ombe wa Ilomo,
mienge myekundu ya bondeni inayowaka mvua ikinyesha,
halafu, kwa sauti ya chini,
okidi zote za Kitulo.

Nikacheka. Mkonge na okidi!
Mkonge unakaa miaka kumi kimya kama mdaiwa,
siku moja unasimamisha mlingoti,
unachanua mara moja, unakufa.
Okidi hurudi kila masika:
za zambarau, za njano zenye pembe mbili,
na ile ya kijani isiyonukia mpaka giza liingie,
maana mgeni wake ni nondo
mwenye ulimi mrefu kuliko tumbo.

Basi cheka, wifi, akasema.
Mimi na wewe tunaitana ndugu bila tone moja la damu.
Hawa wana damu na hawasalimiani.
Kabla Rungwe haijatapika moto
palikuwa na ua moja, dogo,
lisingekupunguzia hata mwendo.
Wana wake wakatawanyika.
Huyu akanenepesha majani, akaweka maji ya kiangazi.
Huyu akajivika kanzu saba na harufu ya kufukuza.
Huyu akasokota nyuzi.
Na mama okidi, mbegu zake vumbi tupu,
hana masurufu ya kumfungia mwana,
anamkabidhi upepo, akutane na kuvu ardhini,
alelewe na asiyemzaa.
Nani aliwapangia? nikauliza.
Hakuna. Muda tu, na nani alibaki.

Nikakoroga mboga ambayo haikuhitaji kukorogwa.
Nyuma ya mlango lilikuwepo gunia langu
na Enesia alikuwa amelipita mara nne.

Chini ya kila okidi kuna viazi viwili.
Kimoja cha mwaka jana, kimesinyaa, kimekwisha kazi.
Kimoja cha mwaka ujao, kigumu, kimejaa.
Sisi tunachukua cha mwaka ujao.
Lori linapita saa kumi alfajiri, Isyonje, Mbeya, Tunduma,
ng'ambo wanakitwanga na karanga na pilipili,
wanakikata vipande, wanakiita chikanda, wanashiba.
Ada ya Festo ilitoka humo.
Bati hizi zinazolia usiku, humo humo.
Viazi vingapi hujaza debe?
Sijawahi kuhesabu. Napima kwa debe.

Enesia hakusema neno juu ya gunia.
Alisema tu, akikusanya maganda:
kitunguu unakipanda tena.

Alipolala nilifungua fundo.
Nikatoa kiazi kimoja, nikakiweka ubaoni
pale pale kilipokuwa kitunguu,
nikakipasua kwa kisu kile kile.
Hakina kanzu. Hakina harufu.
Ute kidogo, kama wa mdomo wa mtoto.
Nilingoja macho yawashe.
Hayakuwasha.

Lori lilipiga honi mara mbili, kama kawaida yake.
Kama lilipiga ya tatu, sikusikia.
Nilikuwa uani, kwenye umande ulioganda,
natafuta kijembe.